Xen, KVM au kerneli ndogo: mfumo endeshi wa usalama tuujenge juu ya nini?

Kitasa
Wakuu, salaam. Tuko watatu, tunataka kutengeneza mfumo endeshi unaotenganisha kazi kwa mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja): benki na chumba chake, barua pepe na chumba chake, mafaili ya kutilia shaka yafunguliwe kwenye mashine ya kutupa. Najua Qubes OS inayofanya hivyo ipo, ilitangazwa 2010 na toleo la 1.0 likatoka 2012. Sisi tunataka kitu chepesi zaidi. Mezani kuna njia tatu: Xen kama wao, KVM ndani ya Linux, au kerneli ndogo (kiini cha mfumo kilichopunguzwa hadi kubaki na ya lazima tu) kama seL4. Mwenzetu mmoja ni mtu wa KVM, hataki kusikia kingine. Nyie mngechukua ipi?

MzeeWaKerneli
Xen, bila kupepesa macho. Haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, inakaa chini kabisa, na Linux yenyewe inageuka mgeni. Ukichukua KVM, msingi wako ni Linux nzima pamoja na madraiva yake yote. Tazama Qubes walivyofanya: dom0, yaani sehemu inayotawala, haina mtandao hata kidogo. Kadi ya mtandao imekabidhiwa sys-net, mashine pepe ya pembeni. Hata masasisho ya dom0 hupakuliwa na mashine nyingine, kisha dom0 inakagua sahihi kabla ya kuyapokea. Mtu akikuvamia kupitia draiva ya Wi-Fi, anaishia kwenye chumba ambacho hakina faili lako hata moja.

Ila lazima uwe na IOMMU, sehemu ya maunzi inayodhibiti vifaa visiguse kumbukumbu ovyo. Kadi ya mtandao inaweza kuandika kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa, na pasipo IOMMU ya kuizuia, hivyo vyumba ni mapambo.

Bi_Terminali
Mzee, shikamoo, ila Xen usiifanye malaika. XSA-148, tangazo la Xen la tundu la usalama la Oktoba 2015, umeisahau? Tundu lilikaa miaka kama saba kwenye msimbo wa kumbukumbu wa mashine za PV (aina ya zamani isiyohitaji msaada wa prosesa), na mgeni aliweza kuteka mashine nzima. Matundu ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya Qubes waachane na PV kwa mashine karibu zote kwenye toleo la 4.0, Machi 2018. Wenye laptopu za zamani ambazo prosesa zake hazina msaada huo wakaachwa njiani.

Mimi naona mnabishania ghorofa ya chini wakati mwizi anapita dirishani. Swali ni nani anayeigiza vifaa. Mei 2015 kulikuwa na VENOM: tundu kwenye msimbo wa QEMU (programu inayoigizia mashine pepe vifaa) unaoigiza kiendeshi cha flopi. Flopi! Hakuna aliyekuwa anaitumia, na hata ukiizima kwenye mipangilio, msimbo wenye ubovu ulibaki ukifanya kazi. Lilishika KVM, likashika na Xen kwa mashine zilizotegemea QEMU. Qubes walikuwa na nafuu kwa sababu QEMU yao waliifungia kwenye mashine pepe yake ndogo, si ndani ya dom0.

Kwa hiyo kama ni KVM, msibebe QEMU nzima. Itazameni Firecracker ya Amazon, 2018, inayoendesha mashine pepe juu ya KVM bila QEMU: imeandikwa kwa lugha ya Rust na ina vifaa vya kuhesabika. Ni ya seva, haiwezi kuwapa dirisha wala sauti, lakini somo ni hilo: punguza vifaa.

nyuzi_mbili
seL4 kwa watu watatu? Hapana. Uthibitisho wake wa kihisabati wa 2009 ni kazi ya heshima kubwa, ila haukuletei draiva ya Wi-Fi. Angalieni kwanza Sculpt, mfumo endeshi wa kundi la Genode unaojengwa juu ya kerneli ndogo, mjue ukubwa wa kazi.

Kibandiko
Nyote mnaongelea mvamizi, mtumiaji hamjamgusa. Natumia Qubes kazini. Kuhamisha neno la siri kutoka mashine moja kwenda nyingine ni hivi: Ctrl+C kwenye dirisha la kwanza, halafu Ctrl+Shift+C, unabofya dirisha la pili, Ctrl+Shift+V, ndipo Ctrl+V. Ubao wa pamoja unafutika papo hapo. Wiki ya kwanza unalaani. Baadaye unaona mantiki: hakuna mashine inayoweza kuchungulia ulichonakili mpaka mkono wako uiruhusu.

Rangi za kingo za madirisha nazo zinachorwa na dom0, kwa hiyo mashine iliyotekwa haiwezi kujivika rangi ya mashine ya benki. Hivi vitu viwili vina thamani kwangu kuliko jina la haipavaiza. Kinachokera ni RAM (wanapendekeza GB 16, na utazimaliza) na video, maana mashine pepe hazipati nguvu ya kadi ya michoro. Kitasa akisema "chepesi", aanze na hapo.

MzeeWaKerneli
Marahaba Bi_Terminali. La flopi umenikamata.

toleo_jipya
Kujenga ni nusu. Kutoa ndiko kunakoua miradi. Qubes 4.0 ilianza majaribio Julai 2017, ikapita matoleo matano ya kujaribiwa. Katikati, Januari 2018, Meltdown na Spectre, matundu ya ndani ya prosesa zenyewe, zikalipuka na ikabidi wabadili aina ya mashine pepe walizopanga kutumia. Nyie watatu, siku kama hiyo nani atalala?

Funguo za kutia sahihi matoleo nazo. Wao wana ufunguo mkuu, na kila toleo kubwa lina ufunguo wake uliotiwa sahihi na huo mkuu. Ufunguo wa toleo ukivuja, mkuu unabaki. Toleo la zamani linahudumiwa miezi sita baada ya jipya kutoka; andikeni ahadi yenu mapema, hata kama ni fupi. Na Xen wana orodha ya wanaopewa taarifa za matundu kabla hayajatangazwa, kwa masharti. Msipokuwemo, mtajua siku moja na wavamizi.

Njia ya nne haijatajwa: Whonix. Ni mashine mbili tu, moja lango la Tor (mtandao wa kuficha uliko), nyingine ya kazi, na inatolewa kwa VirtualBox (programu ya kawaida ya mashine pepe), kwa KVM na ndani ya Qubes. Haipavaiza ni mzigo wa wengine.

Kitasa
Mwenzetu wa KVM amesoma hapa, amenyamaza kidogo. Tunaelekea Xen, bila QEMU kwenye dom0, na tuanze kama nyongeza ndani ya Qubes kabla ya kujitegemea. Kuna jambo bado: mashine ya mezani yenye kibodi ya USB. Kontrola ya USB nikiikabidhi mashine pepe, si itaona kila ninachoandika?

MzeeWaKerneli
Itaona, na inaweza kukuandikia amri pia. Piga lspci, amri ya Linux ya kuorodhesha vifaa, uhesabu kontrola. Zikiwa mbili, moja ibaki dom0 kwa kibodi peke yake, na kwenye milango yake usichomeke kitu kingine. Ikiwa moja, tafuta kibodi ya PS/2, ile ya plagi ya zamani isiyopita USB.