Eti "mpira si upo kwenye TV?" Hawa jamaa wa treni wanatuchukuliaje?

Wakuu, naandika hasira bado ziko kooni na sijalala. Hawa jamaa wa treni ya umeme ya Dar na Morogoro mnawajua, sina haja ya kuwataja.

Jana nimetoka Moro na treni yao, elfu 13 yangu nimelipa, kwenda raha tupu, dude linakimbia 160 kwa saa mpaka unafika Dar roho bado iko Ngerengere. Mechi uwanjani Kwa Mkapa saa moja usiku. Imeisha kwenye saa tatu hivi, kutoka pale getini mpaka uivuke Chang'ombe ni vita ya tatu ya dunia, bodaboda wamepandisha bei wanavyotaka, foleni haisogei, nafika Stesheni geti limefungwa, ya mwisho ishaondoka kitambo. Nikamuuliza yule mhudumu kistaarabu kabisa, "Dada samahani, siku za mechi kama leo hamuweki hata moja ya usiku?" Akaniangalia kuanzia viatu mpaka jezi, akasema:

"Kaka, mpira si upo kwenye TV?"

Wakuu. MPIRA SI UPO KWENYE TV. Nitoke Kihonda, Moro yote ile, nije kuambiwa kuna TV! TV ninayo, kingamuzi nimelipia, sijaja mjini kwa sababu sina TV. Kwa hiyo na harusi zipo kwenye video tusiende? Na msiba tufuatilie kwenye simu?

Ratiba ya mechi inatoka mapema, hakuna anayeshtukizwa. Uwanja unaingiza watu 60,000, watu wa Moro peke yetu tunajaza behewa zote na wengine wananing'inia. Mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kucha tangu 2023, halafu treni ya umeme, yenye njia yake peke yake, isiyojua foleni wala trafiki wa Chalinze, ndiyo inaenda kulala! AFCON 2027 inakuja, wageni nao tutawaambia mpira upo kwenye TV??

Nimekula bodaboda ya elfu 15 mpaka Mbezi kutafuta basi, kiti cha nyuma kabisa, kichwani nasikia sauti ya yule dada tu. Na alivyosema alitabasamu. Hicho ndicho kinaniuma kuliko geti.

Kobe_wa_Msamvu: Pole mkuu. Ila si upo kwenye TV kweli? 😂😂😂

mama_Zawadi: Kobe acha. Kaka pole sana. Mimi siku ya Wiki ya Mwananchi, lile tamasha la Yanga, nililala pale nje na mtoto mgongoni, na hakuna aliyetuuliza mmekula nini.

Fundi Nyaya: Mnalaumu bila kujua. Usiku ndio muda wa kukagua njia na nyaya za umeme, huwezi kupanda kwenye nyaya huku treni inapita. Halafu hiyo treni ikishawashusha Moro saa saba usiku inarudi Dar na nani? Na inzi?

Mleta uzi: Fundi mimi sijaomba kila siku. Siku ya mechi kubwa. Siku ya tamasha. Moja tu, isubiri mpaka watu watoke uwanjani, wakague hizo nyaya ikishapita. Ikikosa watu wa kurudi ilale Moro, asubuhi ibebe wanaokuja kazini. Na hata kama haiwezekani, mtu unamjibu "mpira si upo kwenye TV"? Sema tu haipo!

Mbeba_box: Mimi niko Dortmund huku. Tiketi ya mechi humo humo ndani kuna nauli ya treni ya kwenda na kurudi. Ukitoka uwanjani unapanda tu, hakuna wa kukuuliza hela.

Kobe_wa_Msamvu: Tulijua utakuja. Haiishi siku hujatutajia huko.

Bakari the Great: London wana treni ya chini tangu 1863, kukesha wameanza 2016, tena Ijumaa na Jumamosi tu na sio njia zote. Yetu ya Moro imeanza Juni 2024. Pigeni hesabu mjue mtapanda na wajukuu.

mama_Zawadi: Bakari kwa hiyo tusiseme?

Wa Makadara: Jirani zangu mnalialia aje na treni haijamaliza hata miaka tatu? Huku kwetu ya usiku iko, inatoka Mombasa saa nne, inakutupa Syokimau, nje ya Nairobi, kabla hata ya saa kumi usiku. Giza totoro. Hapo unaanza kuvutana na watu wa teksi, bei ya kufika tao imekaribia ile ya Mombasa. Bora nyinyi hamkubebwa, sisi tunabebwa halafu tunaachwa.

Kobe_wa_Msamvu: Mkenya hata kwenye shida lazima awe wa kwanza.

Wa Makadara: Na ni ukweli, nishinde aje na nyinyi?

Arusha_Moja: Samahani, sisi uwanja mpya wa AFCON unajengwa huku na hiyo ya umeme hatuna hata ya mchana. Ile ya zamani imerudi 2020 baada ya miaka mingi, ukipanda nayo Dar unakuja kukuta mechi ya marudiano.

Fundi Nyaya: 😂😂 Arusha mmenishinda.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, yule dada alitabasamu!!

Kipa wa Gongo la Mboto: Tulia mkuu. Swali moja tu, jezi ya rangi gani ulikuwa umevaa?

Mleta uzi: Inahusiana nini?

Kipa wa Gongo la Mboto: Inahusiana sana. Kama ni nyekundu ya Simba yule dada alikuonea huruma, alitaka usipate tabu ya kuja kuangalia vile live.

Bakari the Great: Utopolo wa Yanga mmeanza. Bila wageni kuwajazia uwanja mngecheza na viti.

Kipa wa Gongo la Mboto: Kolo wa Simba umejitokeza! Nani mwingine yumo humu?

mama_Zawadi: Mimi Mwananchi damu, na Bakari nitakujibu nikimaliza kupika.