Mnaofundisha watu "ongeza nodi tu", mnawaharibia kazi

Wakuu, tangu jana usiku nahangaika na mradi wa mtu kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na rangi zake, na hasira haijanitoka. Leo lazima niseme.

Mradi nimeurithi. Ombi lenyewe dogo: anga imeungua kwa mwanga hadi ikawa nyeupe, irudishwe, na uso wa bibi harusi uchangamke. Nafungua ukurasa wa rangi, nakutana na nodi 14, yaani vituo 14 ambavyo picha inapitia kurekebishwa, na hakuna hata moja yenye jina. Hata moja! Kuandika "ngozi" juu ya nodi kunachukua sekunde ngapi?

Nodi ya kwanza kabisa ni LUT, faili la kubadili rangi kwa mkupuo, kabla mtu hajagusa mwanga. LUT ile ikishakata sehemu angavu, ndiyo basi, nodi zote za mbele zinapokea weupe mtupu, na ukishusha mwanga huko unapata kijivu. Nikabonyeza Shift+S kuweka nodi kabla yake, nikashusha mwanga hapo. Mawingu haya hapa! Yalikuwemo kwenye faili siku zote, na mteja alishaambiwa kamera ndiyo mbovu.

Nikaja kwenye uso. Nodi ya 4 imenyonya karibu rangi yote, halafu ya 7 inajaribu kuchagua ngozi kwa rangi yake. Ichague nini sasa? Nodi haioni picha uliyorekodi, inaona kile ilicholetewa na laini ya kijani, ile inayobeba picha. Nimeichomoa hiyo laini, nikaiunganisha na chanzo moja kwa moja, kisha uteuzi wake, yaani sehemu ya picha iliyochaguliwa, nikaupeleka kwa laini ya bluu kwenye nodi inayofanya marekebisho. Ngozi ikashikika mara moja.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki. Jamaa aliyeuanza mradi alitaka kutia giza kila kitu isipokuwa uso. Akaongeza nodi ya kawaida kwa Alt+S, laini ya kijani ikaunganishwa, ya bluu hakuna. Bila bluu nodi itajuaje uso uko wapi? Imetia giza picha nzima. Halafu nodi inayofuata anaupandisha tena ule uso alioushusha mwenyewe, umejaa chengachenga! Alt+O ingemaliza kila kitu: inaleta laini zote mbili na kugeuza uteuzi yenyewe.

Nodi za tabaka, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine, sitaki hata kuzizungumzia. Iliyo chini ndiyo inayoshinda, yeye kaiacha bila uteuzi wowote, basi kazi yote ya nodi ya juu imefunikwa na haonekani kugundua.

Wala simlaumu yeye sana. Najua alikojifunzia. Ni zile video za "fungua nodi tano, nakili mti wangu, umemaliza", mti ukiwa ni mpangilio mzima wa nodi. Mnawapa watu mti bila kuwaambia picha inapita wapi na uteuzi unapita wapi. Mfuatano, sambamba, tabaka ni njia tofauti za kuunganisha nodi, lakini kwenu zote ni "nodi". Klipu yake si klipu yako, mti wako utamfaaje? Chomoeni laini moja mbele ya mwanafunzi aone picha inavyogeuka. Hilo tu linawashinda?

Mti mpya una nodi 6, zote zina majina. Ule wa zamani sijaufuta. Anayebisha aseme, namwekea picha ya mti ule hapahapa.