Bibi Mpolandi aliyeshuka Mombasa 1942: ukoo wake tuutafute wapi?

Mkaa Malindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Familia moja hapa Malindi inatafuta ukoo wa bibi yao, Mpolandi aliyeshuka Mombasa 1942 akiwa mtoto, akalelewa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi ya Tengeru, karibu na Arusha, kisha akaolewa huku pwani. Kadi yake ya kambi ina mambo manne tu: jina la ukoo Kowalska, mwaka wa kuzaliwa 1930, mahali Stanislawow, dini Katoliki. Kwenye ramani tumeona Stanisławów karibu na Warszawa, tukaandika barua, tukajibiwa hayumo. Tumekosea wapi?

Bi Langoni, Lamu
Waaleikum salaam. Barua imekwenda mji mwingine. Wapolandi wa Tengeru karibu wote walitoka mashariki ya Polandi ya zamani, ile Urusi ya Kisovyeti iliyoitwaa Septemba 1939, ikawahamisha wengi kabla hawajafika Afrika. Huko kulikuwa na mji mkubwa wa Stanisławów, makao ya mkoa wenye jina hilohilo. Leo uko Ukraini na tangu 1962 unaitwa Ivano-Frankivsk. Na jihadharini: karani wa kambi aliweza kuandika jina la mkoa mahali pa jina la kijiji, kwa hiyo msikazane na mjini peke yake.

Vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki za huko viligawanyika. Vilivyohamishiwa Polandi baada ya vita, kama havijatimiza miaka 100, viko kwa msajili wa jiji la Warszawa, katika fungu la vitabu vya "zabużańskie", yaani vya ng'ambo ya mto Bug. Vikitimiza miaka hiyo hupelekwa hifadhi kuu ya nyaraka za kale, AGAD, humo humo Warszawa, na picha za kurasa nyingi zimewekwa kwenye intaneti bure. Vilivyobaki vitafuteni hifadhi ya mkoa ya Ivano-Frankivsk. Ndoa hufunguliwa baada ya miaka 80, kwa hiyo ndoa ya wazazi wa bibi inaweza kuonekana kabla ya ubatizo wake mwenyewe. Anzeni nayo.

Mwalimu wa Shela
Kabla ya vitabu, tafuteni jina la baba yake. Kowalski ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea mno Polandi, na jina hilo peke yake halitawafikisha popote. Ndiyo maana nyaraka za Kipolandi hutaja jina la baba karibu kila mara, na kwa mama hutaja ukoo wake wa kuzaliwa baada ya maneno "z domu".

Njia fupi ni Indeks Represjonowanych, orodha ya waliokamatwa na kuhamishwa na Wasovyeti. Iko wazi kwenye intaneti. Huonyesha jina la baba, mwaka wa kuzaliwa na, mara nyingi, mahali mtu alipopelekwa. Tarehe ya kuhamishwa nayo ina maana yake. Waliochukuliwa 10 Februari 1940 wengi walikuwa walowezi waliopewa mashamba na walinzi wa misitu, wakapelekwa kaskazini na Siberia. Wa 13 Aprili 1940 walikuwa hasa familia za maofisa, polisi na wengine waliokwisha kukamatwa, wakapelekwa Kazakhstan. Bibi akiwa wa kundi hilo la pili, mtafuteni baba katika orodha za waliouawa Katyń, yaani maofisa na polisi wa Kipolandi waliouawa na Wasovyeti 1940. Ni jambo zito, familia ielezwe mapema.

Mkitafuta, andikeni Kowalski na Kowalska, maana baba na kaka hawana "-ska". Majina ya namna nyingine huwa na mtego zaidi: katika nyaraka za zamani binti wa Nowak huandikwa Nowakówna, mke wake Nowakowa. Jaribuni pia "ł" na "l" kila moja peke yake.

Mkaa Malindi
Shukrani sana. Tukifika kwenye kurasa zenyewe tutasomaje? Kipolandi hatujui.

Bi Langoni, Lamu
Upande huo ulikuwa chini ya Austria hadi 1918, vitabu vikiandikwa Kilatini, na hata baadaye makasisi wengi waliendelea nacho kwa safu zilezile: tarehe ya kuzaliwa, ya ubatizo, namba ya nyumba, jina, kisha wazazi na wasimamizi. Shikeni namba ya nyumba. Kijijini wanaweza kuwapo akina Kowalski watano, lakini watoto wenye namba 47 na wazazi walewale ni ndugu. Namba ikibadilika, msikate tamaa: huenda walihama au nyumba zilihesabiwa upya. Kosa kubwa ni kunakili tarehe ya ubatizo mkidhani ndiyo ya kuzaliwa.

Mwalimu wa Shela
Kwa msajili wa Warszawa, kizazi cha moja kwa moja kina haki ya kuomba nakala, lakini lazima mnyororo ukamilike: cheti cha ndoa ya bibi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, kisha cha mjukuu anayeomba, vyote na tafsiri ya Kipolandi ya mtafsiri aliyeapishwa. Ombi laweza kupitia ubalozi wa Polandi Nairobi. Mnyororo hukatika zaidi huku kwetu, jina likiandikwa Kovalska kwenye cheti kimoja na Kowalsky kwenye kingine. Kama bibi alifunga ndoa kanisani, kumbukeni jimbo la Malindi limeanza mwaka 2000. Kabla ya hapo Malindi ilikuwa chini ya Mombasa, kwa hiyo ulizeni parokia yenyewe, kisha Mombasa.

Na ndugu zake wa kambini je? Wengi walikwenda Uingereza kuanzia 1948, na orodha za abiria wa meli ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu BT 26. Wengine walipanda meli ya General Langfitt hapo Mombasa, wakafika Fremantle, Australia, Februari 1950. Hifadhi ya taifa ya Australia ina majalada ya wahamiaji, na utafutaji wake ni bure. Mimi ningeanzia huko leo hii, kwa sababu jalada la dada au binamu linaweza kutaja kijiji ambacho kadi ya bibi imekiacha.