Wakutubi wafunzwe nini ili wawasaidie wasomaji wanaouliza habari za mikopo na afya?

Mkutubi, Dodoma Mjini

Ndugu wataalamu, nawasalimu. Nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa wakutubi na wasaidizi wa maktaba wa mkoa wetu. Siku hizi wanaofika kwenye dawati la marejeo si wanafunzi peke yao. Wapo akina mama wa vikundi wanaoulizia masharti ya mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wapo wakulima wa zabibu walioshawishiwa kukopa kwa simu, na wapo wanaotoka hospitali na karatasi ya majibu ya maabara wakiomba tuwasomee. Baadhi ya wenzangu hujibu kwa kubahatisha. Wengine, kwa kuogopa lawama, husema tu kwamba hayo si mambo ya maktaba. Katika rasimu yangu nimependekeza daktari aje kufundisha magonjwa sugu na ofisa wa benki afundishe aina za mikopo. Je, nimeelekea kunakotakiwa?

Mwalimu wa ukutubi, Bagamoyo

Ndugu yangu, rasimu hiyo itakupatia watu wanaojua kidogo kuhusu kisukari na kidogo kuhusu riba, nao ndio watakaothubutu kushauri. Huko Marekani, ambako vyama vya wakutubi vimeweka miongozo ya kazi hii, msimamo ni kwamba mkutubi hutoa taarifa na kuonyesha zilikotoka, lakini hatambui ugonjwa, hapendekezi dawa, wala hamchagulii mtu mkopo. Kuyaandika hayo ukutani ni rahisi. Kuyashika mbele ya mtu mwenye shida ndiyo kazi yenyewe, na siku yako ya kwanza yote iende huko.

Chukua hiyo karatasi ya maabara. Msomaji anauliza, "Sukari yangu imekaa vizuri?" Mkutubi anaweza kumfungulia maelezo ya kipimo hicho, kwa mfano katika tovuti ya MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo baadhi ya maelezo yake yapo kwa Kiswahili, anaweza kumsomea taratibu yaliyoandikwa, kisha akamsaidia kuandika maswali ya kumpelekea daktari wake. Akisema tu "usijali, uko sawa", ameshavuka mpaka, hata kama amesema kwa huruma. Wafanyishe mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa msomaji anayeng'ang'ania apewe jibu, kwa sababu wasomaji wetu hung'ang'ania kweli.

Ofisa ushirika mstaafu, Kongwa

Kwa upande wa afya nakubaliana na Mwalimu, ila katika fedha naona mpaka huo usivutwe mno. Mama amekopa shilingi 200,000 kwa wale wa kausha damu, yaani wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa. Amekatwa 20,000 ya fomu, hivyo ameondoka na 180,000, na anatakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Mkutubi akikaa naye na kikokotoo, mama mwenyewe akataja tarakimu zilizo kwenye mkataba, wataona kwamba atalipa 300,000, yaani 120,000 juu ya alichopokea, ambayo ni theluthi mbili yake kwa mwezi mmoja. Huo sio ushauri, ni kujumlisha. Akope au asikope, ni juu yake.

Jambo la pili ni leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili na leseni yao hutoka Benki Kuu. SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, ni daraja la tatu, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA ni daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Mkutubi akiyajua hayo, atajua orodha ipi ya wenye leseni aifungue. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na tangazo la namna hiyo lilistahili kubandikwa mlangoni mwa kila maktaba.

Muuguzi, Dodoma

Naongeza machache. Kila dawati liwe na namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo hupigwa bila malipo, ili mtu asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Mkiulizwa dozi, msikadirie. Mwelekezeni kwa mfamasia. Tena, wazee wetu wengine huliuliza swali lao kwa Kigogo na kwa sauti ya chini. Asiwepo wa kulirudia kwa sauti ya juu mbele ya foleni.

Mkutubi, Dodoma Mjini

Nawashukuru sana. Daktari na ofisa wa benki nitawaalika bado, lakini kama wasikilizaji wa yale mazoezi, watuambie tulipovuka. Hoja ya hesabu ya mkopo naikubali, kwa sharti kwamba tarakimu zisomwe na mwenye mkataba. Alilosema Muuguzi limenigusa zaidi, kwa kuwa dawati letu liko hatua chache kutoka mlangoni, na kompyuta ya wasomaji huacha kurasa zilizofunguliwa zikionekana kwa anayefuata, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya na za fedha kuwa nyeti. Nitaomba meza ya pembeni kabla ya mafunzo. Mwalimu, je, unayo mifano ya maswali ya mazoezi tunayoweza kuyarekebisha yafanane na ya huku kwetu?