Naombeni ushauri: unahakiki vipi gemu la jamu lenye simulizi kali lakini fumbo la mwisho halieleweki?

Kibofyo:
Wakuu, habari za jioni.

Mimi huwa nacheza gemu fupi za simulizi na mafumbo. Zile za kubofya kitu chumbani, unakiokota, unakiunganisha na kingine, mlango unafunguka. Nikimaliza naandika uhakiki kwa Kiswahili. Nyingi nazitoa itch.io, tovuti ambayo watunzi wadogo wanaweka gemu zao, zile za kwenye jamu, yaani mashindano ambayo watu wanapewa mada na muda mfupi, muda ukiisha unapeleka ulichonacho hata kama hakijaiva. Hii ninayoizungumzia ilikuwa ya siku 14.

Sasa kuna gemu moja limenikwamisha. Michoro ya mkono, muziki safi, maongezi yanachekesha kweli, na yako kwa Kiswahili cha mtaani kabisa. Nimelicheza kwenye simu kitandani karibu saa nzima. Tatizo ni fumbo la mwisho. Nimebofya kila pikseli, sioni mantiki. Kura zinafungwa Jumapili usiku. Nina nyota mbili kati ya tano mkononi lakini roho inasita.

Je, ni haki kumpa mtu nyota mbili kwa sababu ya fumbo moja? Msiwe na presha, nichaneni tu.

Ndimu Kavu:
Ngoja waje wataalamu. Nimeweka kambi.

Fundi Pikseli:
Mkuu, nimeshiriki jamu kadhaa, nikwambie hali ilivyo. Katika siku 14, michoro inakula wiki ya kwanza yote. Chumba cha kwanza kinapendeza kwa sababu kilichorwa mtu akiwa na nguvu. Fumbo la mwisho linatungwa usiku wa mwisho, saa tisa, na mtu pekee aliyelijaribu ni yule aliyelitunga, ambaye tayari analijua jibu. Kwa hiyo ukikwama mwishoni usishangae.

Kipimo changu ni kimoja. Ukishajua jibu, rudi nyuma uangalie kama dokezo lilikuwepo. Kama lilikuwepo ukapita nalo, hilo ni fumbo gumu, na ugumu si kosa. Kama halikuwepo popote, hapo umeonewa, sema hivyo waziwazi kwenye uhakiki.

Halafu jambo la kura. itch.io inamwachia mwandaaji wa jamu aamue nani apige kura, washiriki tu au kila mwenye akaunti. Na gemu lenye kura chache kuliko idadi ya kati ya jamu nzima linapunguzwa alama kwenye msimamo. Kwa hiyo kwenye magemu madogo yasiyojulikana kura yako moja ina uzito kuliko unavyodhani. Hilo lako lina kura ngapi mpaka sasa?

Shangazi Kaja:
Mimi nauliza tu, mwanangu una miaka mingapi? Maana nina kijana wangu hapa ndani, kamaliza chuo, kutwa anabofya. Nikimwuliza unatafuta nini ananiambia "ufunguo, mama". Ufunguo wa nini, na mlango wa nyumba hii hata kufagia hajui? Tafuteni kazi.

Ndimu Kavu:
Shangazi kaja na fimbo 😂😂

Mzee wa Diski:
Vijana hamjui mateso. Sisi tuliocheza King's Quest ya 1984 tulikuwa tunakufa kwa kukanyaga pembeni ya daraja. Unasahau kuokota kitu kimoja mwanzoni, unakuja kujua mwishoni kabisa, na hakuna kurudi, unaanza upya. Binamu yangu alikuwa na duka la kunakili diski, akawa anatuuzia gemu bila kile kijitabu chenye majibu ya maswali ya ulinzi. Tunacheza nusu, tunakwama, tunarudi dukani kugombana. Ndoa yangu ya kwanza ilianzia kwenye foleni ya duka lile, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Turudi kwenye mada. Wale wa IFComp, mashindano ya gemu za maandishi yaliyoanza 1995, wana sheria nzuri: mwamuzi anatoa alama kwa alichokiona ndani ya saa mbili za kwanza. Hajamaliza? Ni shauri la mtunzi. Na wana zawadi ya ndizi ya dhahabu kwa gemu lililowagawa waamuzi kuliko yote, wengine wamempa kumi, wengine moja. Kwa hiyo usiogope kutofautiana na watu. Cheza muda wako, toa alama, lala.

Kibofyo:
Asante Mzee. Hapo kwenye "toa alama, lala" umenigusa. Fundi, kura kwenye jamu hii ni za kila mwenye akaunti. Gemu lina kura sita.

Mama Tisa:
Jamani, mimi sijui hata gemu ni nini, lakini kuna kitu hakinikai. Roho inasita kwa nini? Ni nyota za mtandaoni, si hati ya talaka. Mleta mada, mwenye hilo gemu unamfahamu?

Kibofyo:
Dada, mtandaoni tunafahamiana wengi. Mada ni fumbo.

Mama Tisa:
Sijauliza wengi. Nimeuliza huyo.

Ndimu Kavu:
Namba moja inavuja. Nasogeza kiti.

Fundi Pikseli:
Mkuu, swali la Mama Tisa lina maana. Ukimhakiki mtu unayemfahamu, unaandika mstari mmoja juu kabisa kwamba mnafahamiana, halafu unaendelea. Ukificha ikaja kujulikana, hata uhakiki wako wa zamani hakuna atakayeuamini.

Kibofyo:
Sawa. Nasema, lakini msinirukie.

Aliyelitengeneza tulikaa naye geto moja Morogoro. Wote tulikuwa tunajifunza AGS, hii programu ya bure ya kutengeneza gemu za kubofya, kwa kompyuta ya kuazima. Tukakubaliana tuchange laki nne nne tununue yetu. Hela nikawa natunza mimi, kwenye bahasha.

Gemu lake linaanzia geto. Mhusika mkuu anaamka, anakuta bahasha haina kitu. Unazunguka kwa mangi, unakwenda stendi ya Msamvu, unahoji watu, unarudi. Na muda wote geto kuna jamaa kalala kitandani na jezi ya Yanga, ukimwuliza chochote anajibu "usiwe na presha". Hana jina. Lakini kila aliyewahi kukaa mtaa ule atajua ni nani.

Sasa kabla hamjanihukumu: mama yangu aliumwa. Hela ilikwenda hospitali yote, mpaka shilingi ya mwisho. Nilikuwa na mpango wa kurudisha. Yeye akahama bila kuniaga, akabadilisha namba, nimrudishie nani? Na sipendi mtu kuchukua maisha ya mtu mwingine akayafanya gemu bila ruhusa. Kwa hiyo nyota mbili si kisasi. Fumbo ni bovu, lingekuwa bovu hata kama ningekuwa simfahamu.

Uhakiki nimeshauandika. Nimeupanga utoke Jumapili saa tano usiku.

Mama Tisa:
Saa tano usiku, kura zinafungwa usiku huohuo. Ili asipate muda wa kujibu.

Kibofyo:
Ndiyo muda wasomaji wangu wanapokuwa mtandaoni.

Shangazi Kaja:
Pole kwa mama, mwanangu. Lakini laki nne ya mwenzio ni laki nne ya mwenzio. Mgonjwa angeuguzwa pia kwa kumwambia mwenzio "nina shida". Mrudishie hata elfu hamsini hamsini. Mimi nilikula hela ya kikoba mwaka fulani, niliilipa kwa vitumbua, na leo nakaa mbele msibani bila kuinamisha uso.

Buda wa Nakuru:
Wacha niongee kama mtu wa huku. Buda, hiyo si review, hiyo ni vita. Kama hutaki kumpa alama nzuri, usimpe alama yoyote. Jitoe. Kuna gemu zingine mia kwenye hiyo jamu, andika juu ya moja ambayo hauko ndani yake.

Kibofyo:
Nikikaa kimya watasema nimekubali.

Buda wa Nakuru:
Nani atasema? Kura sita!

Chumvi ya Mawe:
Samahani, nakatisha. Hii ni CHAI, tena ya maziwa.

Hebu someni vizuri. Posti ya kwanza kacheza "kwenye simu kitandani". Baadaye anasema rafiki yake anatumia AGS. Gemu za AGS ukipakua mara nyingi unapata faili la Windows. Simu na Windows wapi na wapi? Pili, jina la gemu hataji. Tatu, hakuna mwizi anayekuja hadharani kujianika hivi na maelezo ya jezi juu. Mimi nasema huyu ni mwenye gemu mwenyewe, anatafuta wachezaji. Kura sita zinamuuma.

Ndimu Kavu:
Sukari mmeweka?

Mzee wa Diski:
Chumvi, hapo kwenye simu umeteleza. Kuna ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani za kubofya. Toleo la 2.5.0, la 2021, liliongeza uwezo wa kufungua gemu za AGS, na ScummVM iko kwenye Android miaka mingi. Unanakili folda ya gemu, unaielekeza, linacheza. Mimi mwenyewe nacheza hivyo nikiwa kwenye foleni ya pensheni. Mradi aliyelitengeneza hakutumia toleo jipya mno.

Chumvi ya Mawe:
Sawa, hilo nimelipokea. Mengine hajajibu.

Kibofyo:
ScummVM ndiyo hiyohiyo. Na jina sitaji kwa sababu mtakwenda kumjazia kura za huruma.

Mama Tisa:
Mimi nina wazo jingine. Chumvi anasema ni mwenye gemu anajitangaza. Mimi nadhani ni yule ALIYEIBIWA, anaandika kwa sauti ya mwizi. Angalieni posti ya kwanza imeishaje. "Msiwe na presha." Na jamaa wa kwenye gemu anasema nini? Hakuna mtu anajisahau namna hiyo. Hiyo imepandwa.

Ndimu Kavu:
Nimerudi juu kusoma. Aisee. 😳

Kibofyo:
Mimi ndivyo ninavyoongea tangu utoto!

Fundi Pikseli:
Iwe chai iwe uji, mimi nataka kulijua fumbo. Mkuu, eneo la mwisho lina vitu gani?

Kibofyo:
Geto. Mlango umefungwa kwa nje. Mkononi una bahasha tupu, tiketi ya basi na chenji ya mangi. Jamaa yuko kitandani. Nimempa bahasha, anasema usiwe na presha. Nimempa tiketi, hivyohivyo. Nimejaribu chenji kwenye kitasa, tiketi kwenye dirisha, kila kitu na kila kitu. Sasa niambieni mantiki iko wapi.

Fundi Pikseli:
Juu ya kioo cha simu, kwenye kona, kuna picha ngapi za nyuso?

Kibofyo:
Mbili. Ya mhusika na ya jamaa. Ya pili ni pambo tu.

Fundi Pikseli:
Ibofye.

Huu ni mtindo wa tangu gemu la Maniac Mansion, 1987. Unabadilisha mtu unayemwongoza. Nadhani hutakiwi kumwuliza jamaa kitu. Unatakiwa uwe jamaa, halafu uangalie ana nini mfukoni.

Chumvi ya Mawe:
HAYA SASA. Fundi umejuaje? Gemu halina jina, hakuna aliyeliona, na wewe unajua kuna picha mbili kwenye kona? Fundi na mleta mada ni mtu mmoja. Akaunti mbili, gemu moja. Wasimamizi mko wapi?

Fundi Pikseli:
Mzee, gemu zenye wahusika wawili nyingi zina picha kwenye kona. Angesema iko moja ningenyamaza.

Mzee wa Diski:
Ni kweli. Sisi tulikuwa tunaongoza watu watatu kwenye nyumba moja, na mmoja akikamatwa anawekwa gerezani chini, wawili wanahangaika kumtoa. Mke wangu wa kwanza ndiye alikuwa anashika kibodi.

Shangazi Kaja:
Baba, hiyo hadithi ya ndoa itaisha lini?

Kibofyo:
Imefunguka.

Dokezo lilikuwepo. Yule mangi anasema mwanzoni kabisa, "mnaoishi wawili mnajuana mifuko". Nilidhani ni utani.

Nyota tatu. Maongezi mazuri, fumbo gumu kupita kiasi kwa gemu la siku 14. Nitaweka mstari kwamba tunafahamiana. Uhakiki unabaki Jumapili.

Mama Tisa:
Mfukoni kulikuwa na nini?

Kibofyo:
Sitaki kuwaharibia wengine.

Mama Tisa:
Hata jina la gemu hatuna, utatuharibia nini?

Kibofyo:
Risiti ya duka la simu Kariakoo. Lakini huo ni utunzi wake, si ukweli. Msimamo wangu ni uleule, hela ilikwenda hospitali.

Buda wa Nakuru:
Buda. Hiyo ScummVM unaichezea kwa simu gani?

Chumvi ya Mawe:
Nafuta kauli ya akaunti mbili. Nabaki kwenye chai, lakini nimekunywa.

Ndimu Kavu:
Mleta mada kaondoka mtandaoni dakika ishirini zilizopita.

Kijana wa Tandika:
Wakuu nimechelewa kuuona uzi, sijasoma komenti zote. Hiyo ScummVM kwenye Android folda ya gemu unaiweka wapi? Mimi inaniambia haioni kitu.

Mzee wa Diski:
Fungua kwanza ile zip, kijana. Halafu bonyeza kuongeza gemu, uchague folda yenyewe, si faili. Ikikataa niambie simu yako ni Android namba ngapi.