Naomba ushauri: kulinganisha arei mbili kwenye JavaScript

Habari zenu wakuu. Ndiyo naanza JavaScript, na ninatengeneza chemshabongo ya wanafunzi wa sekondari. Kuna maswali ya kuchagua majibu zaidi ya moja, mfano maziwa makuu ambayo Tanzania inapakana na nchi jirani. Jibu nimeliweka kwenye arei (orodha ya thamani) hivi:

sahihi = ["Victoria", "Tanganyika", "Nyasa"]

Mwanafunzi akitiki yote matatu kwa mpangilio uleule, nikilinganisha na arei ya majibu yake, sahihi === majibu bado inanipa false (yaani si sawa). Nimesoma kwamba alama hiyo inaangalia kama ni arei ileile kwenye kumbukumbu ya kompyuta, si vilivyomo ndani. Hapo sawa.

Nikajaribu JSON.stringify, inayogeuza arei kuwa maandishi, pande zote mbili. Inakubali, ila anayeanza kutiki Nyasa anakosa alama, na hilo linaniuma maana jibu lake ni sahihi kabisa. Nikaongeza sort(), inayopanga vilivyomo, kabla ya kulinganisha. Sasa anapata, lakini arei yenyewe inapangwa upya, kwa hiyo skrini ya mwisho inamwonyesha majibu kwa mpangilio ambao si wake. Kwenye namba nako, sort() inazipanga kama maandishi, hivyo 10 inakaa kabla ya 2.

Naombeni mnisaidie haya mawili:

Je, nipange nakala, yaani [...majibu].sort(), niangalie length (idadi ya vilivyomo) halafu nilinganishe kimoja kimoja kwa every(), au Set (mkusanyiko usiorudia thamani) ni bora zaidi?

Na kwenye swali la vigawo tasa vya 12, ambapo jibu ni [2, 2, 3], Set si itameza 2 moja? Mnafanyaje hapo?

Natanguliza shukrani.