Tupeane uzoefu: mlima wa nyuma ya nyumba ya likizo uliokutoa jasho

Mzururaji: Wakuu, nimeona picha ya kilima nikakumbuka mbali. Zile nyumba za kupanga vijijini, ukifungua dirisha kilele hiki hapa, na mwenye nyumba anakwambia "ni hapo tu". Waliowahi kuponzwa na "hapo tu", karibuni.

Kobe Mzee: Hapo tu ya mwenyeji! Ngoja nikae vizuri.

Mama Pacha: Sisi tuliondoka jua linawaka. Tunakaribia kilele, ukungu ukashuka, njia haionekani. Shemeji kavaa fulana ya pamba, imelowa jasho, upepo ukampata. Akatetemeka weee, kisha maneno yakaanza kumtoka kilevi-levi, zipu ya begi inamshinda, vidole vinaipapasa tu. Mara akatulia, eti hasikii baridi tena, anataka alale kidogo. Hapo ndipo niliogopa, maana aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali imeharibika. Tukamvua fulana, tukamvika sweta langu, juu yake mfuko wa takataka tuliomtobolea kichwa, tukambana katikati yetu nyuma ya jiwe. Filimbi mara sita ndani ya dakika, unatulia dakika moja, unaanza tena. Waliokuwa wanashuka wakatusikia.

Bin Ubishi: Mlimani bila jaketi? Mlijitakia.

Mama Pacha: Ulikuwepo? Jaketi lake lilikuwa kwenye begi la mwenzetu aliyebaki nyuma.

Nyanda za Juu: Kila mita 1,000 ukipanda, joto hupungua kama nyuzi 6.5. Upepo hujauhesabu.

Kobe Mzee: Mngempa kapombe kidogo achangamke.

Nyanda za Juu: Thubutu! Pombe inatanua mishipa ya ngozi, joto lote linatoka nje.

Mzururaji: Na muda mnaukadiriaje?

Bin Ubishi: Tumia hesabu ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kama kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

Kobe Mzee: Naismith hakuwa na kitambi changu. Mimi nazidisha mara mbili.

Goti Bovu: Kupanda ni pumzi tu, kushuka ndiko kunaua magoti. Beba fimbo, kata kucha za miguu kabla.

Bin Ubishi: Fimbo za wazee.

Goti Bovu: Tutaonana kwenye mteremko.

Mzururaji: Mama Pacha, shemeji vipi?

Mama Pacha: Kesho yake alitaka turudi, eti hakupiga picha kileleni. Dada akamfichia viatu.